Samahani, Injinia Anashughulikia

Pale chuo cha udereva walimwita Injinia, na aliyemwita hivyo wa kwanza alikuwa anamtania. Ilikuwa siku yake ya tatu kazini. Gari moja la kufundishia liligoma kuwaka uani, walimu wanne wakaliinamia boneti, naye akapita na kompyuta kwapani, akauliza kwa heshima zote kama wamejaribu kulizima na kuliwasha tena. Walimu walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Jina likaganda hapohapo, na miaka minne baadaye hata barua ya kuomba ruhusa aliianza "Mimi, Injinia," kisha akafuta haraka akiangalia kama kuna aliyeona.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane, mwembamba, sauti ya chini. Akikanyagwa mguu, yeye ndiye anayeomba radhi. Kazi yake ilikuwa kuitunza tovuti ya chuo. Wanafunzi waliweka nafasi za masomo kwa simu zao, na walimu wakaangalia kwenye tableti zilizofungwa juu ya dashibodi ni nani anafuata, yuko somo la ngapi, bado anaogopa malori au ameshapona. Tovuti yote aliijenga kwa mikono yake, mtu ambaye hajawahi kushika usukani hata wa kuchezea. Chuo kizima kililijua hilo na hakuna aliyesahau kumkumbusha.

"Injinia, leo umekuja na gari gani?" mlinzi alimuuliza kila asubuhi akimwona anaingia getini kwa miguu.

"Nimeliacha nyumbani."

"Linapumzika, eh?"

"Limechoka."

Sasa, tovuti ile ilisimama juu ya mashine mbili. Moja ilitoa kurasa ambazo watu wanaziona, na hiyo haikuwa na maneno. Nyingine ilikuwa na hifadhidata, yaani kumbukumbu zote za chuo: wanafunzi, masomo, ratiba, kila kitu. Hii ya pili ilikaa stoo, kwenye meza iliyobanwa kati ya matairi ya akiba na makopo ya rangi, kwa sababu Bosi aliona stoo ndiko kwenye kufuli la maana. Umeme ukiyumba, inalala. Feni ikishiba vumbi, inalala. Siku nyingine inalala tu bila kuaga. Na ikilala, kila ukurasa unageuka mweupe wenye maandishi mekundu ya Kiingereza, mistari arobaini, ambayo wanafunzi wengi waliamini wanatukanwa. Hapo ndipo simu ya Injinia inapoanza kulia.

Simu hiyo ilimfuata kila mahali. Bafuni aliingia nayo ndani ya mfuko wa nailoni. Kwenye harusi ya rafiki yake alisimama kona na kompyuta juu ya spika, anabofya huku spika inamtikisikia kwa muziki. Mchumba mmoja aliyewahi kuwa naye alimuuliza, "Mimi nikianguka utanikimbilia hivyo?" Injinia akafikiri kidogo kabla ya kujibu, na kule kufikiri ndiko kulikoumaliza uchumba.

Ufunguo wa stoo alitembea nao shingoni. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa mashine. Akiulizwa kwa nini, alisema wengine wataiharibu. Ukweli ni kwamba alipenda kidogo kuitwa. Lakini hilo hakuna aliyemuuliza, na yeye hakujisemea.

Tatizo lilikuwa jicho la mama yake.

Mama aliishi mji mwingine, mwendo wa nusu siku, na jicho lake la kulia lilifunga ukungu mpaka akawa analiamkia koti lililotundikwa mlangoni. Daktari wa macho alisema ni upasuaji mdogo, ila baada yake awepo mtu wa kumdondoshea dawa kila baada ya saa mbili, siku saba bila kuruka, kisha siku tatu za kupunguza. Mtu huyo ni nani? Kaka yake Injinia aliishi nyumba ya pili, lakini ni seremala, na mama alishatamka wazi kwamba hamkabidhi jicho mtu aliyezoea nyundo. Jirani naye mikono inamtetemeka. Akabaki Injinia.

Mara ya kwanza alifika, akala, akalala, na asubuhi ya upasuaji akaitwa kazini hata viatu hajavaa. Mara ya pili hakufika hata stendi. Daktari akasema basi, mara ya tatu ikiharibika mgonjwa arudi mwisho wa foleni, na foleni ni mwaka na ushee. Jicho lenyewe, alisema, halina mwaka wa kusubiri.

"Hilo lidubwana lako lina miaka mingapi?" mama alimuuliza kwenye simu.

"Lipi, Mama?"

"Hilo linaloangukaanguka."

"Minne."

"Minne! Wewe ulitembea na miezi kumi. Hilo lina miaka minne bado linaanguka, na likianguka linamlilia mama yake. Umelidekeza, mwanangu."

Injinia akaenda kwa Bosi. Bosi alikuwa mtu mkubwa wa mwili na mwoga wa foleni; akiona watu zaidi ya watano mapokezi, anatoka ofisini kwa mlango wa nyuma.

"Siku kumi?" alisema, kama mtu aliyeombwa figo. "Na hifadhidata ikianguka?"

"Nitaiandaa ianguke vizuri, Bosi."

"Kuna kuanguka vizuri?"

"Kupo," alijibu mtu mwingine kutoka kwenye kiti cha pembeni.

Huyo alikuwa mwalimu mkuu wa udereva, ambaye chuo kizima kilimwita Breki. Kwa miaka thelathini alikaa kiti cha kushoto, pale ambapo gari la kufundishia lina pedeli ya pili ya breki kwa ajili ya mwalimu. Mguu wake ulizoea vibaya. Kwa kinyozi, mkasi ukikaribia sikio, mguu unakanyaga. Nyumbani kwake zulia mbele ya kochi lilitoboka mahali pamoja.

"Tumpe mtihani," alisema Breki. "Kama wanafunzi wengine. Mimi nitaizima hiyo mashine siku asiyoijua, mchana kweupe, watu wamejaa. Watu wakihudumiwa bila yeye kugusa kitu, aende kwa mama yake. Wasipohudumiwa, abaki ailinde."

Upasuaji ulikuwa Jumatatu, wiki tatu mbele. Bosi akakubali, maana alijua atafeli. Injinia akavua ufunguo shingoni, akampa Breki kama anayempa mtoto mchanga, akamwonyesha kitufe cha kuilaza mashine taratibu ili kumbukumbu zisiumie. Alimwonyesha mara tano.

"Injinia," alisema Breki, "ni kitufe. Nimewahi kufundisha watu waliodhani gia ya nyuma ni pambo."

Siku nne nzima Injinia alitengeneza ukurasa wa pole. Kile kiunzi alichojengea tovuti (siku hizi watu hawaanzi programu kwenye udongo mtupu, unachukua kiunzi kilichosimamishwa tayari ukajaza kuta zako) kilikuwa na mlango mmoja ambao kila kosa hupitia likitoka. Hapo mlangoni akauweka ukurasa wake. Hifadhidata ikilala, badala ya maandishi mekundu, mtu angesoma: "Mpendwa mwanafunzi, samahani sana. Kwa unyenyekevu tunaomba samahani." Samahani zilikuwa sita. Bosi aliupenda ule ukurasa, akataka awe anabadilisha maneno mwenyewe akiwa mezani kwake, sikukuu hivi, msimu wa mvua vile. Injinia hakujua kukataa. Akamtengenezea.

Alhamisi, saa nne na robo asubuhi, Breki akabonyeza kitufe.

Mapokezi kulikuwa na watu kumi na wanne. Wote wakaangalia simu zao kwa pamoja. Ukurasa ukawa mweupe, na maandishi mekundu yakashuka, safari hii si mistari arobaini bali themanini na kitu, kwa sababu kosa lilianguka juu ya kosa. Mama mmoja mtu mzima akaifunika simu yake kwa kanga, watoto wasione.

Injinia alisimama katikati ya chumba, anasoma ile mistari midomo ikimcheza. Kisha akakaa taratibu kwenye benchi.

Maneno ya pole aliyahifadhi wapi? Ili Bosi aweze kuyabadilisha, aliyahifadhi kwenye hifadhidata. Hifadhidata imelala, na ukurasa wa pole umeenda kuigongea mlango, ukiomba maneno ya kuwaambia watu kwamba imelala.

Alimweleza Breki. Breki alisikiliza mpaka mwisho, mguu ukikanyaga sakafu.

"Yaani umefungia ufunguo ndani ya gari."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na vioo ulipandisha."

"Nilipandisha vyote."

Kufikia chakula cha mchana, walimu wote walikuwa nazo habari. Wiki nzima hawakumsalimia kawaida. "Injinia, samahani yetu iko wapi?" wanauliza. Naye anajibu, "Imelala," wanacheka, wanapita. Mlinzi naye akaongeza yake getini. Injinia alivumilia, lakini jioni alipompigia mama hakusema chochote kuhusu Jumatatu ile. Mama hakuuliza, na mama kutouliza kulimchoma kuliko utani wote wa uani.

Kesho yake ya ule mtihani Breki akamwambia aingie gari, akae nyuma, asiseme neno. Mbele alikuwa mwanafunzi mmoja, fundi viatu, amebakiza wiki moja afanye mtihani wa barabarani. Walishuka barabara yenye mteremko nyuma ya soko. Katikati ya mteremko Breki akanyoosha mkono, akazima gari.

Fundi viatu aliachia usukani, akainua mikono yote miwili juu. "Samahani, Mwalimu! Samahani!"

"Unamwomba nani? Shika usukani! Samahani utaomba ukishafika pembeni." Breki hakupaza sauti, mguu tu ulikuwa tayari. "Injini imekufa, lakini je, breki zimekufa? Usukani umekuwa mzito, haujakufa. Taa za hatari zinakula betri, hazina habari na injini. Washa. Walio nyuma wajue. Sasa liachie liserereke, sogea pembeni, polepole. Hapo. Abiria wako mzima?"

Fundi viatu aligeuka nyuma. "Mzima, Mwalimu."

Abiria alikuwa anaandika kwenye kiganja chake: taa hazina habari na injini.

Aliporudi ofisini alianza upya. Maneno ya pole akayatoa kwenye hifadhidata, akayaweka kama faili la kawaida kwenye ile mashine ya kurasa, akambembeleza Bosi kwamba akitaka kuyabadilisha amwite yeye. Akapunguza samahani, kutoka sita mpaka moja. Kisha akajiuliza mwalimu barabarani anahitaji nini hata kama kumbukumbu zimelala, akaona anahitaji ratiba ya leo tu. Basi kila dakika kumi tovuti ikawa inanakili ratiba ya siku hiyo na kuiweka kando. Hifadhidata ikilala, walimu wanaonyeshwa ile nakala, na juu yake pameandikwa ni ya saa ngapi, ili mtu asiiamini kupita kiasi. Na mwanafunzi anayeweka nafasi wakati huo hafukuzwi. Ombi lake linapokelewa, linapangwa kwenye faili la pembeni kwa zamu yake, naye anaambiwa ukweli: tumelipokea, bado hatujalithibitisha.

Jumatano, mara ya pili, Breki aliilaza mashine saa tatu. Dakika ishirini watu walihudumiwa. Magari yaliondoka, mengine yakarudi. Bosi alichungulia kwa mlango wa mbele, jambo ambalo si la kawaida. Injinia alijifunga mikono kifuani asiguse kitu, moyo unamwambia tayari, tayari. Breki akaiamsha mashine. Ikaamka. Dakika moja haikufika ikalala tena. Akaiamsha. Ikalala.

"Ni wewe?" aliuliza Injinia akiwa mlangoni mwa stoo.

"Mimi nimeinua mikono, unaiona."

Ilikuwa ni yeye mwenyewe, Injinia. Alikuwa ameziambia simu na tableti zote zigonge mlango kila sekunde mpaka hifadhidata itakapofungua. Zilikuwa mia na sitini. Mashine ndiyo kwanza inafikicha macho, na watu mia na sitini wanaugonga mlango kwa ngumi. Nani hatarudi kitandani?

"Kuzima umefaulu," alisema Breki. "Umefeli kuondoka. Gari limewaka, umeachia klachi kwa pupa."

"Bado siku tano, Mwalimu."

"Siku tano ni nyingi. Rudi kaketi."

Akarudi akaketi. Akazifundisha simu adabu: gonga mara moja, kama kimya ngoja sekunde mbili, kama bado kimya ngoja nne, kisha nane, na kila simu iongeze kuchelewa kidogo kwa bahati nasibu yake, zisifike zote kwa pamoja. Alhamisi aliuazima ufunguo kwa Breki, akajaribu mwenyewe mara tisa, mchana, watu wakiwa wameenda kula. Mara ya tisa alikuwa ameacha kuuma kucha.

Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho. Aliamka akasubiri. Saa mbili hakuna kitu. Saa tatu hakuna. Saa nne alikunywa chai amesimama, macho mapokezi. Watu wanaingia, wanatoka. Saa tano na nusu hakuweza tena, akamfuata Breki uani.

"Mwalimu, kama umeghairi niambie. Basi linaondoka kesho asubuhi."

Breki alikuwa anapuliza vumbi kwenye kioo cha pembeni. "Nimeilaza saa tatu kamili. Nimeiamsha saa nne."

"Leo?"

"Leo."

"Hakuna aliyeniambia!"

"Sasa hapo ndipo pa kufaulu," alisema Breki. "Jambo moja tu. Ukurasa wako una adabu, lakini hauna mtu. Gari likikwama barabarani, watu hutulia wakiona miguu ya fundi imetokeza chini yake. Waandikie kuna mtu."

Akaongeza mstari mmoja palepale, amesimama, kompyuta juu ya boneti. Ukurasa ukawa unasema: Samahani, Injinia anashughulikia. Breki akasoma, akaridhika. Bosi akasaini ruhusa kwa mkono mzito: kuanzia Jumatatu, kurudi kazini Alhamisi ya wiki inayofuata. Ufunguo wa stoo ukabaki mfukoni mwa Breki.

Upasuaji ulichukua muda mfupi kuliko maelezo ya upasuaji. Jumatatu jioni mama alirudi nyumbani na kikinga cha plastiki juu ya jicho, akalalamika kwamba hakuumia hata kidogo wakati alishajiandaa kuumia. Injinia akabandika ratiba ya matone ukutani. Saa mbili, saa nne, saa sita, saa nane, mpaka saa ya kulala. Chupa ikakaa kwenye bilauri safi, juu ya meza, hakuna wa kuigusa. Kaka seremala alikuja kusalimia, akaambiwa akae mbali na bilauri.

Simu haikulia. Jumatatu haikulia, Jumanne haikulia. Injinia aliitoa mfukoni, akaiangalia, akairudisha. Aliongeza sauti. Aliipigia kwa simu ya kaka yake kuona kama inapokea.

"Lipigie wewe," mama alimwambia. "Liulize kama limekula."

"Silifikirii, Mama."

"Ndiyo. Hata uji umeutia chumvi mara mbili kwa kutolifikiria."

Jumatano nayo ikapita kimya. Sasa Injinia alianza kununa kidogo, kama mtu aliyeaga kwa machozi akakuta hakuna aliyelia. Miaka minne. Hata swali moja hawana?

Alhamisi, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, simu ililia. Bosi.

"Injinia, habari za huko? Mama anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri, Bosi. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Tumetulia kabisa. Ni Breki hapa ana kaswali." Simu ikabadilisha mikono.

"Injinia, mwanangu. Huyu mwanafunzi wa saa mbili, jana saa mbili nilikuwa naye. Huyu wa saa tatu, vilevile. Nimemrudisha kinyumenyume kona ileile. Leo tunafundisha ratiba ya jana?"

Injinia alisimama. "Huo ukurasa juu pameandikwaje?"

"Samahani, Injinia anashughulikia. Ratiba hii ni ya Jumatano saa saba na dakika ishirini."

"Saa saba ya jana! Mwalimu, hifadhidata imelala tangu jana mchana!"

"Tunajua."

"Mnajua?"

"Si imeandikwa unashughulikia?"

"Mimi niko kwa mama yangu!"

"Ndipo na mimi nikashangaa," alisema Breki. "Nikamwambia Bosi, huyu mtoto ana bidii, yuko kwenye jicho la mama yake na bado anashughulikia."

Injinia alifumba macho. "Na hao wa jana wamekujaje leo?"

"Mapokezi waliwaona kwenye ratiba, wakawapigia. Wamekuja wanafurahi, wanadhani wameongezewa somo."

"Na wanafunzi wa leo wako wapi?"

"Wako kwenye benchi. Wametulia. Wameambiwa unashughulikia."

Bosi akachukua simu tena. Sasa sauti yake ilikuwa imeanza kuona foleni. "Injinia, kumbe ni jambo kubwa? Basi fanya hivi, panda basi sasa hivi, shughulikia, kesho urudi kwa mama. Siku moja tu."

Mkono wa Injinia ulikuwa tayari chini ya kitanda, umeshika mkanda wa begi. Hakujua umefikaje huko. Zipu ililia kidogo.

"Unatafuta nini?" aliuliza mama kutoka kwenye kiti chake. Uso ulielekea dirishani. Kwa kile kikinga hakuona kitu upande huu.

Injinia aliangalia saa ya ukutani. Saa nne kasoro dakika nne. Aliangalia ile karatasi ya matone, siku tatu zimewekewa alama, saba nyeupe. Kisha akaachia mkanda wa begi.

"Bosi, mpe Mwalimu simu. Mwalimu, ufunguo wa stoo unao?"

"Uko mfukoni."

"Nenda nao huku unaongea na mimi. Umefungua? Unaona nini?"

"Matairi."

"Yale ya siku zote?"

"Mapya. Yameletwa jana mchana, yamepangwa hapa mpaka juu."

"Jana saa ngapi?"

Kiatu cha Breki kikagonga tairi. "Baada ya chakula," alisema polepole. "Tuseme saa saba na dakika ishirini."

"Kuna waya mweusi unaotoka nyuma ya mashine."

"Naona nusu yake. Nusu ya pili imelaliwa na tairi."

"Toa tairi. Chomeka waya. Bonyeza kitufe mara moja, usirudie. Halafu ngoja."

Kulisikika tairi likiburutwa, na mzee akiguna. "Nimebonyeza. Inanguruma. Taa moja nyekundu. Bado nyekundu. Injinia, nibonyeze tena?"

"Usiguse! Mwalimu, klachi polepole."

"Eh. Umenipata. Nangoja... Kijani."

Injinia alifungua tovuti kwenye kompyuta iliyokuwa mapajani. Maombi yaliyosubiri kwenye faili la pembeni tangu jana yalikuwa thelathini na moja. Yakaanza kuingia kwenye hifadhidata moja moja, kwa zamu yake, hakuna kugombana, la kwanza hadi la mwisho. Ratiba ya Alhamisi ikajitokeza. Huko kwenye simu alisikia mapokezi wakiita jina la mwanafunzi, na benchi likilia watu wakiinuka.

"Mwalimu, ule mstari naubadilisha sasa hivi."

"Utaandikaje?"

"Samahani, Mwalimu Mkuu nenda stoo."

"Mbele ya wanafunzi?"

"Mbele ya wote."

"Saa nne," alisema mama. Yeye alikuwa anazihesabu kengele za saa ya jirani.

Injinia aliiweka simu kitandani, sauti wazi, akanawa mikono, akaikausha, akachukua chupa kwenye bilauri. Akatoa kikinga taratibu. Jicho lilikuwa jekundu kidogo pembeni, lakini katikati palikuwa peusi safi, pasipo ukungu.

"Tazama juu, Mama."

"Natazama. Dari ina utando wa buibui."

"Usiongee." Tone likaingia.

"Injinia," sauti ya Bosi ilirudi kutoka kwenye shuka, tamu sasa, "nimeona mambo yamekaa sawa. Lakini nilikuwa nafikiri, kwa vile mama naye anaendelea vizuri, tuandike unarudi lini?"

"Nani huyo?" aliuliza mama, jicho limefumbwa.

"Bosi, Mama."

"Mwambie jicho linamsikia."

"Alhamisi, Bosi," alisema Injinia. "Kama ulivyosaini."

"Alhamisi ya wiki hii?"

"Bosi, Alhamisi ya wiki hii ndiyo leo."

Mama aliangua kicheko, mabega yote yakamtikisika, na dawa ikamtiririka shavuni mpaka kidevuni. Ikabidi adondoshewe upya.